Je, Kumuaga Mgonjwa ni Kukosa Imani?

Somo: Waebrania 11:21-22, Mwanzo 47:28-31, 2 Wafalme 13:14-21



Ujumbe huu nilianza kuufundisha Jumatano kwenye maombi, saa ikatuishia. Wengine wenu mliniomba niuandike, na wengine mliniambia waziwazi kwamba hamkukubaliana nami. Ni sawa. Somo lenyewe si jepesi. Someni pole pole, na Biblia ikiwa wazi mkononi.

Yote yalianza na swali la dada mmoja wa hapa kanisani. Amenipa ruhusa nisimulie bila kumtaja jina. Kaka yake mkubwa, nyumbani upande wa Mwingi, alikuwa anaugua saratani ya ini. Madaktari waliita familia, wakaeleza kwamba hakuna tiba nyingine ya kujaribu isipokuwa dawa ya kutuliza maumivu, wakamruhusu mgonjwa aende nyumbani. Dada huyu alikuwa ameshafunga mizigo, anangoja gari la kumtoa hapa Griftu mpaka Wajir, ashike basi la kwenda chini. Wazee wa kanisa la kaka yake walikuwa wamekataza mtu yeyote kutaja kifo ndani ya ile nyumba. Ukifika unakiri uzima, unaimba, unaomba, unatoka. Lakini yeye alitaka kumuaga kaka yake, maana kulikuwa na neno kati yao la miaka mingi. Akaniuliza, "Pastor, nikimuaga, si nitakuwa nimemkabidhi kwa kifo kwa mdomo wangu mwenyewe?"

Sikumjibu mara moja. Swali hilo mimi nilishalijibu mwaka wa 2016, na nililijibu vibaya.

Kijitabu cha mama

Mama yangu aliugua saratani ya koo la chakula. Mimi nilikuwa nimemaliza digrii ya biashara miaka miwili tu iliyopita, na kwa vile ndimi niliyesoma mambo ya hesabu, familia ikanipa kazi ya pesa: mchango wa hospitali, risiti, grupu ya WhatsApp, nani ameahidi na nani ametuma. Nilikuwa mwaminifu kwa kazi hiyo. Hakuna shilingi iliyopotea. Tena nilikuwa ndimi mtu wa imani pale nyumbani. Mtu akianza kulia karibu na kitanda, mimi ndiye niliyemtoa nje.

Wiki mbili kabla hajafariki, jioni moja, mama aliniita nikae kando yake. Mkononi alikuwa na kijitabu cha chama, kile kidogo cha mistari, amekifunga kwa mpira. Akaanza, kwa sauti ambayo tayari ilikuwa inapotea, "Baba, kuna mambo nataka ujue kabla..."

Sikumwacha amalize. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, usikiri kifo. Utaishi." Nikaanza kuomba kwa sauti kubwa. Nilipofungua macho, alikuwa amerudisha kijitabu chini ya mto. Hakukitoa tena. Na hakuniita tena kwa jambo lolote zito mpaka Bwana alipomchukua.

Baada ya mazishi nilikifungua. Kulikuwa na majina ya wanachama, michango, madeni madogo madogo. Nilifuatilia moja baada ya jingine mpaka yakaisha. Lakini ukurasa wa mwisho kuna jina la mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu anayemfahamu, na kando yake imeandikwa 3,000. Basi, hakuna kingine. Mimi mwenye digrii ya biashara mpaka leo sijui kama mama alikuwa anamdai mtu huyo au alikuwa anadaiwa naye. Tumeuliza majirani, tumeuliza chama, hakuna anayejua. Na kama hilo ndilo lililokuwa kwenye kijitabu, najiuliza ni mangapi yalikuwa moyoni ambayo hakuyaandika popote.

Siwaambii haya ili mnihurumie. Nawaambia kwa sababu nilidhani ninamlinda mama kwa imani. Nilipojichunguza baadaye, niliona kwamba nilikuwa najilinda mimi. Kusikia yale maneno kungenilazimu nikubali kwamba anaondoka, na sikuwa tayari. Kwa hiyo nilimnyamazisha, nikauita ule woga wangu jina zuri la kiroho.

Je, neno la kuaga linaua?

Hofu yetu ina andiko lake. Mithali 18:21 inatufundisha kwamba ulimi una nguvu ya uzima na ya mauti. Ni kweli, na mimi naliamini. Tumeona watu wakibomolewa na maneno ya mzazi, na tumeona wengine wakiinuliwa na neno moja la mwalimu. Lakini je, andiko hilo linasema kwamba mtu akitaja kifo chake, kifo kitakuja haraka? Hebu tulipime kwa Maandiko mengine.

Chukua Yakobo. Alipoonana na Yusufu Misri baada ya miaka mingi ya kudhani amekufa, alimwambia kwamba sasa hata akifa ni sawa, maana ameuona uso wake (Mwanzo 46:30). Alitamka kifo, wazi kabisa. Sasa soma Mwanzo 47:28. Aliishi Misri miaka 17 baada ya kusema hivyo!

Chukua baba yake, Isaka. Mwanzo 27 anasema amezeeka na hajui siku ya kufa kwake, akaita baraka ya mwisho itolewe. Yaani aliaga. Yakobo akaenda kwa Labani, akatumika huko miaka 20, akaoa, akapata watoto, akarudi, na akamkuta mzee bado yuko hai (Mwanzo 35:27). Kuaga hakukumuua Isaka. Kama kungekuwa kunaua, Yakobo angerudi akute kaburi.

Na mfalme Hezekia? Isaya alitumwa amwambie apange mambo ya nyumba yake kwa sababu ugonjwa ule ungemmaliza (Isaya 38). Angalia vizuri kilichofuata. Hezekia aligeuka ukutani, akaomba, akalia, Mungu akamwongezea miaka 15. Sisi hupenda kuhubiri ile miaka 15, lakini tunaruka mlango ambao maombi yale yalipitia. Hezekia aliomba hivyo kwa sababu aliambiwa ukweli. Kama Isaya angesema, "Mfalme, hakuna shida, ni malaria tu," Hezekia angegeukia ukuta kwa sababu gani?

Kwa hiyo, wapendwa, kutaja kifo si kukiita. Na kuficha habari ya ugonjwa si lazima kuwe imani. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kile ambacho Waebrania 11 ilichagua

Sasa tuje kwenye somo letu. Waebrania 11 ni orodha ya mashujaa wa imani. Mwandishi ana nafasi ndogo, anawapa wengi wao mstari mmoja au miwili. Ni kama mtu anayeandika ripoti ya mwaka kwa ukurasa mmoja: lazima achague jambo moja tu lenye uzito.

Kwa Yakobo angechagua nini? Ngazi ya Betheli? Usiku wa kushindana na malaika? Mimi ningechagua ule usiku. Lakini mstari wa 21 unachagua kitanda cha mauti: mzee anayekaribia kufa, anawabariki wajukuu wake na kumwabudu Mungu akiegemea fimbo yake. Na kwa Yusufu? Angetaja ndoto, au kumkimbia mke wa Potifa, au kuokoa nchi wakati wa njaa. Mstari wa 22 hautaji hata moja. Unataja jinsi Yusufu, karibu na mwisho wake, alivyozungumza juu ya safari ya Waisraeli kutoka Misri na kuagiza habari ya mifupa yake.

Roho Mtakatifu alipotaka kutuonyesha imani ya watu hawa wawili, alituonyesha wakiaga familia zao. Sisi tunasema kuaga ni kukosa imani. Waebrania inasema waliaga kwa imani. Mmoja wetu lazima abadilishe msimamo, na siyo Waebrania.

Na kuna mtu mwingine ambaye kwa miaka mingi nilikuwa nampita haraka: Elisha. Aliomba sehemu maradufu ya roho ya Eliya. Kwa huduma yake Naamani alitakasika ukoma, na mtoto wa Mshunami akafufuka. Halafu 2 Wafalme 13:14 inasema aliugua, na ugonjwa huo ndio uliomwondoa. Hakuna neno hata moja la kumlaumu. Wala hatuambiwi kwamba kulikuwa na dhambi iliyofichika nyumbani. Na tusiseme upako ulikuwa umeisha, maana baadaye mifupa yake ilimfufua maiti!

Mtazame pia mgeni wake. Mfalme Yoashi alishuka mwenyewe, akamlilia mzee usoni pake. Hakusema "usikiri." Alilia, na kwa kuwa alikaa pale, alipata kazi ya mwisho ambayo nabii alikuwa nayo kwa ajili yake, ile ya mishale. Mgonjwa yule bado alikuwa na kitu cha kutoa. Nikisoma hapo nakumbuka kijitabu kikirudi chini ya mto.

"Lakini pastor, tutamkatisha tamaa"

Ndugu mmoja alinisimamisha mlangoni Jumatano na neno hili, na neno lake lina uzito. Alisema: mgonjwa anaishi kwa matumaini. Mkianza kuaga, mtayazima. Isitoshe madaktari hukosea, na Mungu huponya. Sisi ni kanisa la Pentekoste, tumeona watu wakiinuka.

Nakubali yote hayo, na nayajibu hivi.

Kwanza, hatuachi kuomba. Yakobo 5:14 bado imo kwenye Biblia. Tutapaka mafuta, tutaweka mikono, tutakesha. Lakini dereva anayetoka hapa kwenda Wajir msimu wa mvua huomba Mungu amfikishe, na bado hubeba tairi ya ziada, maji na jembe la kutoa gari kwenye tope. Hakuna anayemwambia ameomba kukwama. Najua mfano huu haufiki mbali, kwa sababu kuaga kunauma na tairi haiumi. Ila unaonyesha kwamba mtu anaweza kuomba na kujiandaa kwa moyo ule ule mmoja.

Pili, pigeni hesabu. Tuseme familia imeaga, wamesameheana, madeni yamejulikana, baraka zimetolewa, kisha Mungu akamwinua mgonjwa. Wamepoteza nini? Wamebaki na ndugu mzima na nyumba yenye amani. Sasa tuseme hawakuaga, na mgonjwa akafa. Hasara hiyo hulipwa miaka mingi. Mimi bado nalipa.

Tatu, na hapa ndugu yangu ana haki kabisa: ukweli usitupwe kwa mgonjwa kama jiwe. Kuna mtu hataki kuambiwa kila kitu, na tumheshimu. Kuna mwingine anataka leo kidogo na kesho kidogo. Mfuate yeye. Dhambi yangu mwaka wa 2016 haikuwa kwamba sikumlazimisha mama kuzungumza. Yeye alitaka kuzungumza, mimi nikakataa kusikia. Mara nyingi mgonjwa anajua kuliko sisi. Anasema "nikienda," anauliza kuhusu watoto, anataka aletewe fulani. Huo ni mlango. Usiufunge kwa maombi ya kelele. Keti, uliza, "Unataka kuniambia nini?" kisha nyamaza.

Na hapa niseme neno juu ya maumivu. Mtu anayepiga kelele kwa uchungu hawezi kuaga, wala hawezi kuomba. Cicely Saunders, mwanamke Mkristo aliyekuwa muuguzi na baadaye daktari, alifungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka wa 1967. Alifundisha kwamba uchungu wa anayekufa uko kwenye mwili, kwenye mawazo, kwenye familia na kwenye roho, na yote yanahitaji kutunzwa pamoja. Nairobi Hospice ilianza kazi hiyo hapa Kenya mwaka wa 1990, na jirani zetu Uganda walianza Hospice Africa Uganda mwaka wa 1993, wakawapa wagonjwa mofini ya maji ya kunywa wakiwa nyumbani. Daktari akimwandikia ndugu yako dawa hiyo, usiikatae kwa jina la imani. Haiwekwi ili kumuua. Inawekwa ili apate nguvu ya kusema na wewe.

Tulichojifunza kama nchi

Kenya tumeona jambo hili hadharani. Julai 2019 ilikuwa mwezi mgumu. Tarehe 1 tulimpoteza Bob Collymore, mkuu wa Safaricom. Tarehe 26 akaenda Ken Okoth, mbunge wa Kibra. Tarehe 29 akafuata Joyce Laboso, gavana wa Bomet. Wote watatu ni saratani. Okoth alikuwa ametangaza mapema mwaka huo kwamba ugonjwa wake umefika hatua ya nne, akiwa anatibiwa Ufaransa, kisha akarudi nyumbani. Collymore naye alizungumza waziwazi kuhusu saratani yake ya damu. Nakumbuka wengi wetu tulishangaa. Tulikuwa tumezoea "ameugua kwa muda mfupi" kwenye matangazo ya vifo, hata mtu akiwa ameugua miaka mitatu.

Wangari Maathai alifariki tarehe 25 Septemba 2011 kwa saratani. Alikuwa amesema hataki mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Familia ilimsikia. Jeneza lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, na maiti ikachomwa Kariokor. Mnaweza kutokubaliana na habari ya kuchomwa maiti, na siyo ninalohubiri leo. Ninachosema ni kwamba alisema, na waliobaki walijua la kufanya.

Upande wa pili, wazee wetu wanakumbuka kesi ya S.M. Otieno. Alikuwa wakili mkubwa Nairobi, akafariki ghafla tarehe 20 Desemba 1986. Mke wake alisema mumewe alitaka kuzikwa karibu na Nairobi. Ukoo ukasema azikwe nyumbani Nyalgunga, Siaya. Hakukuwa na wosia wa maandishi juu ya jambo hilo. Maiti ilikaa mpaka tarehe 23 Mei 1987, zaidi ya miezi mitano, familia na ukoo wakiwa mahakamani, nchi nzima ikisoma kila neno gazetini. Hatimaye alizikwa Nyalgunga. Huyo alikuwa mtu wa sheria. Sisi wengine je?

Sisi wa Griftu

Wengi wetu hapa tumetoka mbali. Kuna walimu, askari, wauguzi, na wafanyabiashara kutoka Kitui, Kisii, Bungoma, Meru. Mtu wetu akilemewa nyumbani, kuna zaidi ya kilomita 600 kati ya Wajir na Nairobi, na wengine bado safari inaendelea kutoka hapo. Tukiamua kungoja mpaka "mambo yawe wazi," tunafika kukuta hema limeshasimamishwa. Kwa hiyo ninawasihi: mkisikia daktari amesema hakuna zaidi, ombeni ruhusa kazini mapema. Mwajiri atakupa siku za mazishi. Mimi nakuomba utafute siku za uhai. Na kama huwezi kusafiri, simu inatosha. Mtu ashike simu karibu na sikio la mgonjwa, na wewe useme.

Jirani zetu Wasomali wana jambo la kutufunza hapa, ijapokuwa imani zetu ni tofauti. Wana neno *dardaaran*, usia wa mwisho ambao mtu huwaachia wake. Mzee akizidiwa, watu huja kumwomba msamaha, naye huwaomba. Hakuna anayesema wamekosa imani. Mimi nimeketi kwenye mkeka wa jirani nikaona haya yakifanyika, nikatoka nikiwa na aibu kidogo.

Na kuna jambo ambalo katika eneo hili hatuwezi kulisahau. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wengi walikuwa vijana, na wengi Wakristo. Kuna wazazi waliopigiwa simu alfajiri, na wengine walipiga simu ikaita bila kujibiwa. Wale wazazi wangetoa chochote wapate dakika kumi kando ya kitanda. Ugonjwa wa muda mrefu ni mbaya, sitaupamba. Lakini una kitu kimoja ambacho risasi haiachi, nacho ni muda. Tusiutupe muda huo kwa kuogopa maneno.

Tuage namna gani?

Yakobo anatuonyesha. Alisema anataka kuzikwa wapi, akamwapisha Yusufu (Mwanzo 47:29-31). Aliwabariki wajukuu akiwawekea mikono, na wana wake kila mmoja kwa baraka yake (Mwanzo 48 na 49). Akamwabudu Mungu. Mwana wa Mungu mwenyewe, akiwa msalabani katikati ya uchungu, alipanga mahali mama yake atakapoishi (Yohana 19:26-27). Na Paulo, akijua siku zake zimeisha, bado aliomba aletewe joho lake na vitabu, na Timotheo afanye haraka aje (2 Timotheo 4). Mambo ya roho na mambo ya joho, yote yako kwenye barua moja.

Kwa hiyo tuzungumze yote mawili. Kwa upande wa roho: msamaha, shukrani, baraka kwa kila mtoto kwa jina lake, na hakika ya wokovu. Mgonjwa kama hajampokea Yesu, huu si wakati wa kumficha kwamba muda ni mfupi. Na kwa upande wa joho: madeni, hati ya shamba, pesa zilizo kwenye chama na sako, mahali pa kuzikwa, nani atalea watoto. Mjue pia kwamba Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inautambua wosia wa mdomo ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na mtu akafariki ndani ya miezi 3. Kuandika ni bora zaidi, tena mbele ya mashahidi wasiorithi chochote. Haya si mambo ya kidunia. Wajane wangapi wamefukuzwa shambani kwa sababu mtu wa imani alikataza wosia?

Na tukiisha kuzungumza, tuendelee kuomba. Tumwombe Mungu amponye. Ni mgonjwa yule yule, ni Mungu yule yule.

Dada yetu

Hatimaye nilimjibu dada yetu kwa maneno machache kuliko haya. Nilimwambia, "Nenda. Omba uponyaji kwa moyo wako wote. Na akitaka kuzungumza, usimnyamazishe." Akaondoka na gari la saa kumi na moja asubuhi.

Alirudi baada ya wiki tatu. Alinieleza kwamba siku ya pili, wazee wakiwa wametoka, kaka yake ndiye aliyeanza. Lile neno la miaka mingi lilikuwa juu ya karo. Kaka alikuwa ameuza ng'ombe wawili ambao baba yao alikuwa amewaweka kwa ajili ya masomo ya huyu dada, na yeye akaishia darasa la nane. Alimwomba msamaha. Dada akasema haikuwa rahisi hata pale, maana hasira ilikuwa bado ipo, na alitoka nje akazunguka nyumba mara moja kabla ya kurudi. Kisha alimsamehe. Waliimba. Waliendelea kuomba uponyaji mpaka asubuhi ile Mungu alipomchukua.

Nilimuuliza kama anahisi alimkabidhi kwa kifo. Akafikiri kidogo, akasema, "Hapana, pastor. Alikuwa mikononi mwa Yesu hata kabla sijafika. Mimi nilimkuta tu."

Tuombe

Baba, tunakuomba kwa ajili ya kila mgonjwa wa kanisa hili na wa nyumba zetu za mbali. Wewe ni mponyaji na hatutaacha kukuomba. Utupe pia ujasiri wa kuketi kando ya kitanda na kusikia. Utusamehe pale tulipowanyamazisha watu wetu kwa jina lako. Yale ambayo hatukuyasikia, wewe uliyasikia. Katika jina la Yesu, amina.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii

1. Kwa nini mwandishi wa Waebrania alichagua siku za mwisho za Yakobo na Yusufu kuonyesha imani yao?
2. Je, umewahi kumzuia mgonjwa asizungumze? Ulikuwa unamlinda nani?
3. Kuna mtu ambaye unapaswa kumpigia simu kabla ya Jumapili? Mpigie.